Malengo yangu yanakufa kila Machi. Je, mimi ni mvivu?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 36 na watoto wawili. Kila tarehe 1 Januari naandika malengo kwenye daftari. Mwaka huu yalikuwa saba: kupaua nyumba yangu iliyofika kwenye lenta, kuanza shahada, kufuga kuku 300 wa mayai, kupunguza kilo 15, kujifunza kompyuta, kuweka akiba milioni mbili na kusoma vitabu 12. Kwenye semina tulifundishwa kwamba wahitimu asilimia 3 wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walioandika malengo walikuja kuwa na mali kuliko wenzao wote, na kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Nimeandika, nimebandika ukutani, nimetangaza kwenye kundi la familia. Ikifika Machi hakuna kilichobaki. Nyumba iko vilevile mwaka wa tatu sasa. Kitu pekee ninachokiweza ni VICOBA, sijakosa hata wiki moja kwa miaka minne. Mume wangu alishaondoka, tunaishi kwa mshahara wangu, namsaidia mama na namsomesha mtoto wa marehemu kaka. Januari nilikopa laki nne kwa mahitaji yake ya kidato cha kwanza, nimesharudisha laki sita, wanasema bado nadaiwa mbili na kadi yangu ya benki iko kwao, ila hilo ni la kupita. Nina tatizo gani? Ni uvivu, au sina nia ya kweli? Na nianze na lipi?"

Pole kwa uchovu, mwalimu, na asante kwa kuandika kwa uwazi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona malengo saba. Mara ya pili nikaiona VICOBA. Mara ya tatu ndipo nikaiona sentensi uliyoipitisha haraka haraka karibu na mwisho, ile ya kadi ya benki. Karibu jibu langu lote limo katika hayo mawili ya mwisho.

Nianze na unachokiogopa. Huulizi namna ya kuandika malengo, kuandika unajua. Unauliza kama una kasoro ndani yako, kitu ambacho wengine wanacho wewe huna. Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hofu hii naikuta mara nyingi kwa watu wachapakazi, na ninakujibu bila kuzunguka: hapana. Miaka minne ya kikao cha kila wiki ni zaidi ya wiki 200. Mtu aliyetimiza ahadi moja mara 200 mfululizo, akiwa na watoto, mama wa kumtunza na darasa la kufundisha, sina cha kuzungumza naye kuhusu uvivu. Nina cha kumuuliza: kwa nini ahadi hii inatimia na zile saba hazitimii?

Kabla ya hilo tuondoe njiani mambo uliyofundishwa. Habari ya Yale haikutokea. Husimuliwa kwamba wahitimu wa mwaka 1953 waliulizwa kuhusu malengo yao, kisha wakafuatiliwa miaka 20 baadaye. Chuo chenyewe kilitafuta kumbukumbu za utafiti huo na hakikuona chochote. Hadithi inapendeza, ndiyo maana inazunguka semina kwa semina, lakini inaacha jeraha: unaamini kwamba kalamu ndiyo inayofanya kazi, kisha usipofanikiwa unadhani hukuandika kwa imani ya kutosha.

Zile siku 21 nazo zilianzia kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura yao mpya. Neno "angalau" likadondoka njiani, sura ikawa tabia. Phillippa Lally na wenzake wa London walipolipima jambo hili kwa watu 96, kila mmoja akijizoeza kitu kimoja kidogo kila siku kwa wiki 12, wastani wa kuzoea ulitoka siku 66. Wa haraka alitumia siku 18, na wa polepole alikadiriwa kuhitaji 254. Walioruka siku moja hawakurudi mwanzo. Sasa hesabu kutoka tarehe 1 Januari: siku ya 66 inaangukia tarehe 7 Machi. Mwezi unaouona wewe kama kaburi la malengo yako, kwa mtu wa kawaida ndio kwanza jambo moja linaanza kukaa. Jambo moja, si saba.

Kuhusu kutangaza kwenye kundi la familia, ningekushauri uache. Utafiti wa Peter Gollwitzer na wenzake uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba mtu anapotangaza anachotaka kuwa, na watu wakamtambua hivyo, juhudi yake hupungua, kwa sababu utamu wa sifa ameshauonja kabla ya kazi. Kwako kuna na jingine. Ukiandika "akiba milioni mbili" mbele ya ukoo mzima, wewe unasema nia, wao wanasikia kwamba pesa ipo. Mwambie mtu mmoja, yule atakayekuuliza umefikia wapi bila kukuomba.

Sasa twende kwenye kikundi chako. Fikiria kinavyoendeshwa. Siku inajulikana, saa inajulikana, mahali panajulikana. Hisa ni kiasi fulani, si "kadiri utakavyoweza". Ukichelewa kuna faini. Hesabu inasomwa mbele ya wote, na sanduku lina kufuli ambazo funguo zake hazikai kwa mtu mmoja. Mzunguko ukiisha, mnavunja na kugawana. Hakuna mtu anayeamka siku ya kikao akajiuliza kama leo ana motisha. Uamuzi mliufanya siku mliyoandika katiba, na hamuurudii kila wiki.

Mambo haya yana majina kwenye taaluma yetu. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham wametumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba lengo mahususi lenye ugumu wa kiasi humfanya mtu atende kuliko maneno ya "jitahidi". Lakini waliweka masharti ambayo wahamasishaji huyaruka: uwe umelikubali kwa moyo, uwe na uwezo nalo, na uwe na njia ya kuona mara kwa mara umefika wapi. Gollwitzer naye amefanyia kazi kanuni fupi ya "ikiwa, basi": ikiwa hali fulani itatokea, basi nitafanya kitu fulani. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya kanuni hii na kukuta inasaidia kwa kiwango cha kueleweka. Haiongezi nguvu ya nia. Inahamisha uamuzi kutoka saa ile ya uchovu na kuupeleka kwenye saa uliyokuwa umetulia.

Weka hapo "kupunguza kilo 15". Jumanne jioni, umetoka shule, jiko halijawashwa, mtoto ana kazi ya nyumbani: lengo hili linakuambia ufanye nini? Halikuambii kitu. Halina siku, halina mahali, hakuna anayeuliza. Malengo yako sita kati ya saba yako hivyo. La kupaua ndilo lenye sura, nalo linakufa kwa sababu nyingine.

Tuifikie sasa ile kadi. Umeandika kwamba "hilo ni la kupita". Dada yangu, halijapita. Ulichukua laki nne, umerudisha sita, ukimaliza utakuwa umelipa nane. Na kadi yako wakiwa nayo wao, mshahara ukiingia mkono wa kwanza kuugusa si wako. Malengo saba uliyoyaandika Januari yalikuwa yanagombania mshahara ambao tayari ulikuwa na mwenyewe. Machi haikukuta mvivu, ilikukuta kwenye kausha damu, mkopo wa riba kali.

Deni la namna hii linakula na akili. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wakulima wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima walewale walipewa majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa hawana kitu, kisha baada ya mavuno. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Mtu anayepiga hesabu za pesa usiku kucha hana nafasi kubwa ya kupanga mengine, na akijiona msahaulifu au mzembe anajilaumu kwa kitu kilichosababishwa na hali.

Kwa hiyo lengo lako la kwanza halimo kwenye ile orodha. Ni kurudisha kadi. Waombe taarifa ya maandishi: ulikopa kiasi gani, riba ni ipi, umelipa nini, kimebaki nini. Uliza pia kama wana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka wakopeshaji wa aina hii wawe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na asiye nayo mara nyingi hulegeza sauti akisikia unajua hilo. Kisha nenda kwenye tawi la benki yako uwaeleze kwamba kadi iko mikononi mwa mtu mwingine na pengine namba ya siri anaijua. Wakueleze namna ya kuilinda akaunti. Usifanye hivyo kwa kulikwepa deni: bado utadaiwa kilicho halali. Ila kulipa mwenyewe, kwa risiti, ni tofauti kabisa na kuchotewa.

Laki mbili zilizobaki unaweza kuzikopa VICOBA, au SACCOS ya walimu kama ni mwanachama, ukamaliza kwa mara moja. Nakuonya hapa: kubadilisha deni kwa deni kunasaidia pale tu riba mpya iwe ndogo na ule mlango wa zamani uufunge. Na ukishawishiwa mkopo mkubwa wa benki wa kukatwa kwenye mshahara, "ulipe deni na upaue kabisa", kumbuka kwamba makato ya mtumishi wa umma hayatakiwi kumwacha chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Hicho ni kikomo cha juu cha makato, si kiwango cha kuishi nacho. Nimezungumza na walimu wengi walioishi kwenye ile theluthi miaka mitano, na nisingependa uwe mmoja wao.

Januari yenyewe nayo tuitazame. Watafiti wa Kanada waliwahi kuwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34. Wakaulizwa tena: na mambo yakienda vibaya kabisa? Wakasema kama siku 49. Walimaliza kwa siku 55. Binadamu akipanga, anapangia maisha yasiyo na msiba, mgonjwa wala mchango. Dawa yake ni kuacha kuuangalia mwaka ujao na kuuangalia uliopita. Kaa siku moja na simu yako, pitia meseji za miamala za miezi 12, andika kila kilichotoka: kwa mama, kwa mtoto wa kaka, harusi, misiba, hospitali. Jumlisha, gawa kwa 12. Kiasi hicho si dharura, ni matumizi yako ya kawaida ambayo hukuwahi kuyapa jina. Godoro, tranka, sare na madaftari ya Januari navyo vilijulikana tangu mtoto alipokuwa darasa la saba.

Kiasi hicho kipe fungu lake, uliite fungu la ndugu, na uliweke mbali na fungu la nyumba. Sisemi hivi kwa ubahili. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya majaribio magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa 2013. Kumpa mtu mahali salama tu pa kuweka pesa, kisanduku chenye kufuli na ufunguo akakaa nao mwenyewe, kuliongeza akiba ya mambo ya afya kwa asilimia 66. Na kuitenga pesa kwa jina la kazi yake kuliwasaidia hasa wale wanaoombwa mara kwa mara na ndugu na marafiki. Sababu naielewa. "Sina" ni uongo unaouma kuusema, na "ipo lakini sitaki" huwezi kumwambia mama mdogo. Lakini "fungu la mwezi huu limeisha, la mwezi ujao nakuweka wa kwanza" ni ukweli, na heshima imebaki.

Uliuliza uanze na lipi baada ya hapo. Siwezi kukuchagulia, ila nitakuambia ningelitazamaje. Nyumba na shahada huyaoni vizuri kwa sababu umeyaweka sambamba. Yaweke kwa foleni, moja lilishe jingine. Kama unalipa kodi elfu 60 kwa mwezi, ni 720,000 kwa mwaka. Huhitaji nyumba iliyoisha ili uache kuilipa. Unahitaji vyumba viwili vyenye bati, mlango wa uhakika, madirisha yenye nondo na choo. Plasta na dari vitakukuta ndani. Wengi tunaowajua wamejenga hivyo. Kodi ikishakoma, ndiyo hiyo inakuwa ada.

Upande wa pili nao niseme. Kuhamia kwenye nyumba isiyoisha ukiwa mwanamke na watoto, pengine nje kidogo ya mji ambako maji na umeme havijafika na majirani wako mbali, si jambo dogo. Ukiona usiku wako utakuwa wa hofu, basi usihame, na mpangilio wote ubadilike: shahada itangulie, nyumba isubiri. Hakuna aibu katika hilo. Faida nyingine ya kujenga kidogo kidogo unaijua: bati ukishalinunua hakuna anayekuja kuliazima, wakati pesa taslimu huazimwa.

Kwa shahada, Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wa aina yako, kinakuwezesha kusoma ukiwa kazini kupitia vituo vya mikoa. Lakini kabla ya kulipia fomu, nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri. Uliza sifa zako zinakupeleka kozi gani, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, na uulize kupanda daraja baada ya kuhitimu kunafanyikaje na kunachukua muda gani. Walimu wengi huumia hapa: wanasoma wakitarajia mshahara mpya mwezi wa kuhitimu, wanasubiri. Soma kama unaitaka elimu yenyewe na unaweza kusubiri.

Kuku waache mwaka huu. Kuku 300 ni kazi kamili, na kideri hakingoji utoke shule. Kompyuta itakuja yenyewe na masomo. Vitabu 12 soma ukipenda, havihitaji kuwa deni. Kilo 15 ni suala la afya. Kama daktari ndiye aliyekushauri kwa ajili ya presha au sukari, nitumie ujumbe, maana hapo mpangilio unabadilika. Kama ni semina ndiyo iliyokushauri, subiri. Carsten Wrosch na wenzake wameonyesha kwamba watu wanaoweza kuliachia lengo lisilowezekana na kushika jingine huwa na hali bora ya moyo kuliko wanaoling'ang'ania. Kuachia ni ujuzi, nawe una manne ya kujifunzia.

Yaliyobaki yape umbo la VICOBA. Kwa mfano: "Mshahara ukiingia, kabla sijatoka getini mwa shule natuma fungu la ndugu na fungu la bati." "Mtu akinipigia kuomba pesa, namjibu nitakuambia kesho jioni." "Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi, naenda kwa shoga yangu na daftari la bati, naye ananionyesha la kwake." Tatu zinatosha. Na usisubiri Januari nyingine. Mwanzo mpya hutia nguvu kweli, ila Januari ndio mwezi wenye mfuko mwepesi kuliko yote. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, au chukua siku kikundi chako kinapovunja, pesa ikiwa mkononi.

Kuna mambo ambayo barua haitayamaliza. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali, au huamki, hupati furaha hata kwa watoto, hamu ya kula imekuacha, unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona haitibiwi kwa daftari la malengo. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Hospitali za Mirembe, iliyoko Dodoma, na Muhimbili nazo zipo kwa kesi zinazohitaji wabobezi. Fikra za kujidhuru zikikujia, usibaki peke yako. Mwambie mtu siku hiyohiyo akusindikize.

Na kuna ofisi nyingine moja. Umesema mnaishi kwa mshahara wako, kana kwamba baba wa watoto alipoondoka na wajibu wake ulikwisha. Haukwisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya matunzo kutoka kwa wazazi wote wawili, waishi pamoja au wasiishi. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kwa kawaida huanza kwa kumwita na kuzungumza, mahakama huja baadaye. Huko siwezi kukuahidi matokeo, maana nimeona akina baba wanaotimiza na wanaokwepa, lakini ombi likishaandikwa linabaki na kumbukumbu.

Lile daftari la Januari usilichome. Geuza ukurasa, juu uandike "Kadi yangu irudi", pembeni uweke tarehe ya kwenda benki. Iwe wiki hii, siku usiyo na kipindi cha mwisho.